Mwisho Walioubishania

Binti yao ndiye aliyewapeleka sinema, tena kwa lazima. Alikuwa amechoka kuwakuta kila Jumamosi wameketi sebuleni, baba na redio yake, mama na miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, wakiulizana nani ameacha taa ya bafuni ikiwaka. Siku walipotimiza miaka thelathini na mmoja ya ndoa akawaletea tiketi mbili, kisha akasimama mlangoni mpaka baba yake akavaa viatu.

Baba alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi yake aliifanyia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari wa meno, katikati ya taya za plasta zilizopangwa rafuni kama mkutano wa watu waliogoma kufunga midomo. Kila mtu alimwita Fundi Meno, hata mkewe, hasa akiwa amemkasirikia. Mkewe alikuwa mfamasia kwenye duka la dawa mtaa wa pili, na wateja walishampachika jina la Mama Dozi, kwa sababu hakuna aliyetoka pale bila kurudia maelekezo kwa sauti: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, na si kwa kufuata alivyomeza jirani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Ilimhusu fundi wa vioo wa zamani sana, ambaye mke wake aliugua akiwa bado kijana. Mke alipokuwa anakata roho, mume alichukua kichupa alichokipuliza mwenyewe, akakinga pumzi yake ya mwisho, akaziba kwa kizibo. Tangu hapo kifo kikawa hakimwoni. Akaishi miaka mia, mia mbili, mia nne, na kila alipohamia mji mpya alikutana na mwanamke mwenye sura ileile ya mkewe: mara muuza vitambaa, mara muuguzi vitani, mara dereva wa treni. Mwanamke hamjui. Akimfungulia ile chupa atamkumbuka palepale, lakini fundi mwenyewe kifo kitamwona. Basi anampenda, anakaa naye mpaka anazeeka, anamzika, anaondoka na chupa yake mfukoni.

Hayo waliyaelewa baadaye, kwa kuunganisha vipande. Pale ukumbini mambo yalikuwa yamechanganyika. Filamu ilianzia katikati, ikarudi nyuma, ikaruka mbele, na mtu aliyezikwa mwanzoni kabisa alitokea tena baada ya nusu saa akimenya chungwa. Mama Dozi alimnong'oneza mumewe kwamba dawa isiyoandikwa tarehe ya kuisha hata yeye asingeipokea dukani. Mumewe akamwomba atazame. Akatazama. Ilipofika sehemu ya mwisho, fundi wa vioo alikuwa ameketi kwenye benchi la stesheni ya treni pamoja na bibi kizee mwenye sura ileile, chupa ikiwa kiganjani.

Taa zilipowashwa, macho ya Fundi Meno yalikuwa mekundu na shavu moja limelowa.

Mkewe hakuwahi kumwona akilia. Hakulia siku ya kumzika mama yake, wala siku gari lilipokipitia kidole chake cha mguu. Akamuuliza ana nini. Akajibu ni vumbi. Mama Dozi akatazama zulia la ukumbi, jipya, limesafishwa hata njia za mashine zinaonekana, akasema kweli, vumbi limezidi, wangeleta barakoa. Akaendelea na vumbi hilo mpaka nyumbani.

Ubishi ulianzia njiani. Mama Dozi alisema ni vizuri yule fundi alimfungulia mwenzake chupa mwishowe, maana mapenzi gani ya kutembea na pumzi ya mtu mfukoni kama funguo za kabati. Fundi Meno akasema hakuifungua. Iliteleza, ikavunjika. Mkewe akasema aliifungua kwa hiari yake. Yeye akashikilia iliteleza. Walibishana wakivuka barabara, wakabishana wakipiga mswaki, na kesho yake binti alipopiga simu kuuliza kama waliifurahia, kila mmoja alimpokonya mwenzake simu amweleze alivyomaliza yule fundi. Mama Dozi alimsimulia hata dada yake, kwa kirefu, na jinsi kizibo kilivyolia kilipotoka.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kisha akaja mwalimu mstaafu wa hesabu.

Alikuja dukani kununua dawa ya presha, akiongea huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama Dozi alipomaliza kumfanya arudie dozi, mwalimu alilalamika kwa upole kwamba meno yake ya juu aliahidiwa Jumanne. Jumanne alikwenda saa tisa na nusu alasiri, akakuta chumba cha fundi kimefungwa. Alhamisi akarudi, kimefungwa. Wiki iliyofuata vilevile. Hakutaka kumsema mtu kwa mkewe, lakini mkate sasa alikuwa anauloweka kwenye chai kama mtoto.

Jioni ile Mama Dozi alimuuliza mumewe, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kazi zinaendaje siku hizi za alasiri. Fundi Meno akasema Jumanne plasta ilichelewa kukauka, kwa sababu ya unyevu, na pia kopo lenyewe lilikuwa la kiwanda kingine, lenye kifuniko cha bluu, na aliyemletea alikuwa amevaa shati la mistari.

Hapo ndipo mkewe alipojua anadanganywa. Kwa miaka thelathini na mmoja mtu huyu alijibu maswali yake kwa neno moja. Akiongeza la pili ana wasiwasi, na sasa alikuwa amefika kwenye shati la mistari.

Mama Dozi hakuwa mwanamke wa wivu. Ndivyo alivyojiambia kwa siku mbili, akihesabu vidonge. Alichokuwa anafanya ni uchunguzi tu. Alhamisi alimwomba mwenzake wa dukani amshikie zamu, akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua ya binti yake, akasimama ng'ambo ya kliniki akijifanya anasoma tangazo la vyumba vya kupanga. Katika dakika kumi watu watatu walimsalimia kwa jina lake, na mmoja akamuuliza kama dawa ya kikohozi inatikiswa kabla au baada ya kufunguliwa. Kabla, alisema, bila kugeuka.

Saa tisa kasoro robo Fundi Meno akatoka, amechana nywele. Alikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwenye leso, amekibeba kwa mikono miwili. Akatembea haraka, akakata kona ya benki, akaingia kwenye ukumbi uleule wa sinema. Mkewe alipochungulia mlangoni alimwona ameegemea dirisha la tiketi. Ndani ya dirisha alikaa mwanamke wa makamo, mnene, mchangamfu. Fundi Meno alikuwa amemshika kidevu.

Mama Dozi akavua miwani ili aone vizuri aibu yake. Mumewe aliinua kile kidevu taratibu kuelekea kwenye mwanga, akasema jambo, mwanamke akafungua mdomo, na yeye akaingiza vidole viwili, akasukuma, akamwambia aume. Mwanamke akauma. Kisha akacheka kicheko kirefu, akijitazama kwenye kioo cha poda, na palipokuwa na pengo mbele sasa palikuwa na jino.

Mama Dozi aliona nafuu, na nafuu hiyo haikudumu. Ikaja hasira nyingine, ya haki kabisa: mwalimu wa hesabu anaramba mkate, na huku watu wanaletewa meno mpaka kazini.

Akangoja mumewe aingie, akaenda dirishani. Mkata tiketi alikuwa na furaha ya kumwonyesha mtu yeyote jino lake. Alieleza kwamba limetengenezwa na mzee mmoja mpole ambaye amekuja kuitazama filamu hii mara tano, na huingia peke yake kila mara. Alifikiri ni mjane. Mama Dozi akasema hapana, bado, lakini akiendelea hivi atakuwa marehemu. Akanunua tiketi.

Ukumbini kulikuwa na watu wanane. Mumewe alikuwa safu ya nne, viti vilevile walivyokalia siku ile, na kile cha kwake yeye kilikuwa kitupu. Akakaa safu mbili nyuma. Kwa saa moja na nusu alitazama zaidi kisogo kuliko filamu. Nywele zile alizinyoa yeye mwenyewe kila mwezi jikoni, na upande wa kushoto ulikuwa umepinda, kama kawaida. Ajabu ni kwamba mara hii filamu ilianza kumwingia. Aliona kwamba chungwa lile lilikuwa lilelile kila karne, na kwamba yule fundi wa vioo alilimenya vibaya makusudi ili mwanamke amnyang'anye.

Ikafika stesheni. Treni ikapiga honi, bibi kizee akaketi kwenye benchi, mkono wa fundi ukaingia mfukoni. Fundi Meno akasimama. Akainama kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akatoka.

Mkewe akamfuata.

Alimkuta kwenye ukumbi mdogo wa nje, ameketi kwenye benchi chini ya mabango ya filamu, akifuta miwani yake kwa ile leso. Alimtazama mkewe, mtandio na yote, akaonekana kama mtu aliyekuwa akimtarajia tangu wiki iliyopita.

"Umenifuata," akasema.

"Nimekuja sinema. Tiketi ninayo."

Akasogea, mkewe akaketi. Mama Dozi akamuuliza ni filamu gani hiyo ya kuitazama mara tano na kuikimbia mwisho.

"Mwisho naujua."

"Ndiyo. Chupa iliteleza."

Fundi Meno akavaa miwani, akaivua tena. "Sijui kama iliteleza," akasema. "Sikuuona."

Ikabidi aeleze, na alieleza polepole, akitazama zulia. Siku ile ya kwanza, wale wawili walipoketi kwenye benchi la stesheni, aligeuka amwambie mkewe kwamba bibi kizee anafanana na shangazi yake. Akamkuta ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo, hatikisiki. Mwanga wa skrini ulikuwa wa bluu, ukampaka uso wote. Akamwita chini chini. Kimya. Akamwita tena. Akaweka mgongo wa vidole chini ya pua yake kutafuta pumzi, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, hakusikia kitu. Akaanza kuhesabu, hata hajui anahesabu nini.

"Nilifika kumi," akasema. "Ukakoroma."

Mama Dozi akavua mtandio. Akaukunja magotini, akaukunjua.

Mumewe akaendelea kwamba taa zilipowaka machozi yalikuwa yameshatoka, naye akaona haya kusema, kwa hiyo akasema vumbi. Baadaye alidhani akirudi akauona mwisho, siku ile itamtoka kichwani. Lakini kila treni inapopiga honi, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kiti cha pembeni, na kiti ni kitupu. Basi anatoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikuzika kwa sekunde kumi?"

Ndani ya ukumbi muziki ulipanda, ukashuka. Mama Dozi akamshika mkono, ule wenye kovu la kisu cha kuchongea nta. Kisha jambo jingine likamjia, taratibu, kama mtu anayekumbuka ameacha maji yakichemka.

"Kwa hiyo nililala," akasema.

"Ulilala."

"Nilikuwa nimesimama toka asubuhi, tulikuwa tunahesabu dawa dukani. Mtoto amenunua tiketi, ningesemaje nimelala?"

"Kwa hiyo hukumwona akifungua chupa."

"Sikumwona."

"Dada yako umemweleza mpaka mlio wa kizibo."

Wakaanza kucheka, kwanza yeye, kisha mumewe, kicheko cha kuzuia ambacho ndicho kibaya zaidi, hadi mkata tiketi akaja kuwanyamazisha na yeye mwenyewe akaangalia jino lake kwenye kioo cha bango. Wiki mbili za ubishi, na hakuna hata mmoja aliyeuona mwisho.

Milango ikafunguliwa, watazamaji sita wakatoka. Mama Dozi alimsimamisha bwana mmoja mwenye begi la ofisini, akamuuliza kwa heshima filamu imeishaje. Bwana akafikiri, akasema inategemea. Wanafunzi wawili nyuma yake walikuwa tayari wanagombana. Wakamgeukia mkata tiketi, aliyekuwa na filamu hii kwa mwezi mzima. Akasema hajawahi kuuona mwisho, maana muda ule ndipo anakwenda kufungua milango. Kesho ilikuwa siku ya mwisho kuonyeshwa.

Kesho yake Fundi Meno alifika kazini alfajiri akamaliza meno ya mwalimu wa hesabu, akayapeleka mwenyewe mpaka nyumbani kwake, akasimama pale huku mwalimu akila kipande cha mkate mkavu kwa sauti. Mama Dozi alikunywa vikombe viwili vya kahawa, kitu ambacho humkataza kila mteja wake wa presha. Saa tisa walikuwa safu ya nne.

Treni ilipopiga honi mkono wa Fundi Meno ulikwenda pembeni wenyewe, ukakuta mkono mwingine. Akaushika kifundo. Baada ya kidogo mkewe akamnong'oneza kwamba kama anatafuta mapigo ya moyo, pale alipoweka dole gumba hatayapata mpaka mwaka ujao, akamhamishia vidole mahali pake. Akaviacha hapo.

Kwenye skrini fundi wa vioo alitoa chupa. Hakuifungua. Haikuteleza pia. Aliishika tu kiganjani, hawezi kuifungua wala kuirudisha mfukoni, kama alivyoshindwa kwa miaka mia nne. Bibi kizee akaiona. Akasema ni chupa nzuri, ila imejaa vumbi, mwanaume gani anatembea na kitu kichafu hivi. Akaichukua kama anavyochukua mtu kijiko mezani, akang'oa kizibo bila hata kuangalia, akaanza kuifuta kwa ncha ya shali. Akafuta, akafuta, kisha mkono wake ukasimama. Akamgeukia. Akamwita kwa jina, jina ambalo filamu nzima hakuna aliyelitamka.

Basi. Skrini ikawa nyeupe.

Mama Dozi alilia. Alilia kwa kelele, akitafuta leso kwenye mkoba uliojaa maboksi ya dawa, na Fundi Meno akacheka kwa furaha isiyo na adabu, akimpa leso yake, akirudia kwamba kamnyang'anya, umeona, kamnyang'anya. Mkewe alisema amelia kwa sababu ya kahawa.

Nje jua lilikuwa bado liko juu. Walitembea polepole, wakapita kliniki, wakapita duka la dawa. Walipofika kona ya mtaa wao Fundi Meno akasema kuna jambo linamtia haya.

"Sema."

"Mimi nguo sijui kufua. Hata ile mashine, sijui unabonyeza wapi."

Mama Dozi alimtazama. Alikuwa anasema kwelikweli. Akaendelea kwamba hajui bili ya maji inalipwa dirisha gani, hajui namba ya simu ya binti yake kwa kichwa, wala wali unawekwa maji kiasi gani. Katika zile sekunde kumi, alisema, hilo nalo lilimpita kichwani, na aliona aibu kwamba mtu amefiwa na tayari anawaza wali.

Mkewe alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu naye aliona lake. Hajui kubadilisha mtungi wa gesi, hawezi kufunga maji bomba likipasuka juu ya dari, na lile gari dogo, linaloegeshwa uani kwa miaka tisa sasa, hajawahi kukaa upande wa usukani. Kila mmoja alikuwa ameishi kana kwamba mwenzake hana tarehe ya kuisha. Akamwambia mumewe hatamwahidi kwamba hatatangulia, kwa sababu ahadi hiyo hakuna duka linaloiuza, lakini wali atamfundisha.

Wakaanza Jumapili. Wali wa kwanza wa Fundi Meno uliweza kumwagwa kwa kikombe, wa pili ulitoka kwenye sufuria mzimamzima ukiwa na umbo la sufuria, naye akaukagua kwa heshima kama taya iliyotoka vizuri kwenye plasta. Aliweka shuka nyeupe kwenye mashine pamoja na soksi nyekundu, na kwa wiki mbili walilalia rangi ya ufizi, rangi ambayo, alimwambia mkewe, ni ngumu sana kuipata hata kwa wataalamu. Kwenye kila kitufe cha mashine mkewe akabandika karatasi za duka la dawa, zenye maelekezo: mara moja kwa wiki, usizidishe sabuni.

Zamu ya gari ilipofika walikwenda uwanja wa shule, siku ya mapumziko. Mama Dozi alishika usukani kwa mikono miwili, akasogeza kiti mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo. Fundi Meno alikaa pembeni, mkanda umefungwa, mkono mmoja umeshika mlango. Alimwambia aachie klachi taratibu. Gari likaruka kama chura, likazima. Akamwambia tena, taratibu. Likaruka, likazima. Mara ya saba likaenda, kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka, likazunguka goli la kwanza, likazunguka goli la pili, na Mama Dozi akauliza, bila kutoa macho mbele, breki ni ipi kati ya hizi.

Ua wa shule ulikuwa wa michongoma, haukuumia sana. Gari waliliacha palepale, pua imezama kwenye majani, wakarudi nyumbani kwa miguu wakilaumiana njia nzima kuhusu nani alisema kushoto. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua duka, Mama Dozi alikuwa wa kwanza kuchukua funguo za gari.